Kangaga la mawe kwenye maji ya chokaa: uchambuzi wa kisa

Kisa na wahusika

Haya yalitokea kati ya mwaka 2021 na 2024, katika mji mmoja wa kusini-mashariki mwa Uingereza, nyumbani kwa mama mstaafu aliyezaliwa Uchagani. Nitamwita Mama K. Herufi hiyo si ya jina lake, na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa kwa makubaliano naye. Mimi kazi yangu ni bustani, na asili yangu ni pwani. Niliitwa miche yake miwili kati ya mitatu ya kangaga la mawe (kangaga kwa Kiingereza ni fern) ikiwa imeshakufa.

Nakiandika kisa hiki kwa sababu Mama K. hakuwa mzembe hata kidogo. Aliihudumia mimea yake asubuhi na jioni, na karibu kila alichoifanyia kingekuwa sahihi kabisa kama lile lingekuwa kangaga la msituni. Yeye amekulia kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, chini ya migomba, pembeni ya mfongo unaoleta maji kutoka mlimani. Kangaga alilolijua tangu utotoni ni lile linaloota kwenye kingo za mfereji, mahali penye giza, unyevu na udongo mweusi. Kwa hiyo alipoona kibandiko kinasema “kangaga”, mikono yake ilishajua la kufanya.

Mmea wenyewe

Jina la kitaalamu ni Cryptogramma crispa. Waingereza wanauita kwa jina la kotimiri, na ukiuona utakubali: majani yake yamechanikachanika na kujikunja kama fungu la kotimiri mbichi. Hauwi mkubwa, sentimita 15 hadi 30 hivi. Una majani ya aina mbili. Ya nje ni mapana kidogo na hayazai. Ya katikati husimama wima, yana vipande vyembamba, na kingo zake zimejiviringa kwa ndani kufunika spora, lile vumbi ambalo kangaga huzaliana kwalo badala ya mbegu. Hapo ndipo lilipotoka jina la Kigiriki: mstari uliofichwa.

Makazi yake ndiyo yanayobeba kisa hiki chote. Unaota kwenye milima ya Ulaya, kuanzia Norway hadi Alps na Pyrenees, na Uingereza unapatikana kwa wingi Wales, Lake District na Scotland. Huko hauoti kwenye udongo mzuri. Unaota kwenye miteremko ya vifusi vya mawe, pale jiwe linapoporomoka juu ya jiwe, na kwenye mabaki ya machimbo ya sleti, yale mawe yanayopasuka kuwa mabamba membamba. Shina lake limelala chini kati ya mawe, na mizizi inashuka kufuata ubaridi na unyevu ulio chini kabisa. Juu ni pakavu, kuna upepo na mwanga mwingi. Majira ya baridi majani yote hukauka, na kule juu milimani theluji hulifunika shina kama blanketi: baridi ya kutosha, lakini bila maji ya kulichosha.

Na mawe hayo si mawe yoyote tu. Ni sleti, graniti na mawe ya volkano, yaani mawe yasiyo na chokaa. Mmea huu hauvumilii chokaa. Wapo ndugu zake wa mlimani wanaoipenda, lakini huu haumo.

Yaliyotokea, kwa mfululizo

Aprili 2021 Mama K. alinunua miche mitatu kwenye kitalu, kila mmoja kwenye kichungu cha sentimita 9. Ilikuwa imekuzwa kutokana na spora, haikung'olewa porini, na hilo nalisisitiza. Uingereza ilipitia wazimu wa makangaga katika karne ya 19, watu wakapanda milima na magunia kuyang'oa, na baadhi ya aina adimu hazijarudi katika hali yake hadi leo. Sheria ya mwaka 1981 inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila idhini ya mwenye ardhi.

Aliihamishia kwenye vyungu vya plastiki vyenye udongo wa mfuko wa matumizi yote. Juu akatandaza kokoto nyeupe za kupendezesha, kisha akaviweka kwenye kibaraza cha vioo kinachotazama kusini, nyuma ya kiti ili jua lisivipige. Alimwagilia maji ya bomba kila siku.

Mwezi wa sita majani machanga yalianza kupauka. Mishipa ilibaki kijani, lakini nafasi kati ya mishipa ikawa njano kama ganda la limau. Mama K. akahisi ni njaa, akaongeza mbolea ya maji. Mwezi wa saba kingo zikaungua na mche wa kwanza ukafa. Wa pili akauhamishia kona yenye giza zaidi na kuongeza maji. Ukaoza shingoni, akaunyanyua ukamjia mkononi bila mizizi.

Wa tatu aliutoa nje, kwa kauli yake, “ukafie kwenye hewa safi.” Haukufa. Ulibaki na majani manne mafupi, ya njano. Mwezi wa kumi nayo yakawa kahawia na kulala. Hapo ndipo aliponipigia simu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Njoo uone, labda kuna kitu cha kuokoa. Kama hakuna, nikitumie chungu.”

Nilichokikuta

Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa mmea, kilikuwa birika la jikoni. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe mnene kama ganda la yai. Mji ule umejengwa juu ya miamba ya chaki, aina laini ya jiwe la chokaa, na maji yake ni magumu sana, yaani yamebeba chokaa nyingi. Nikatoka nje kutazama chungu: kwenye ukingo wa ndani, pale maji yanapofika kila siku, kulikuwa na mstari uleule mweupe.

Nikamwomba siki. Nilichukua kokoto tano kutoka juu ya udongo, nikaziweka kwenye kisahani na kuzitonea siki. Zikaanza kutoa mapovu madogomadogo, na ukitega sikio unasikia zinachemka taratibu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: jiwe la matumbawe tunalochoma kupata chokaa ya kujengea hufanya vivyo hivyo. Zilikuwa kokoto za mawe ya chokaa. Kila alipomwagilia, maji yenye chokaa yalipita juu ya mawe ya chokaa na kuingia kwenye udongo ambao nao ulikuwa umetiwa chokaa kiwandani, kama udongo mwingi wa mifuko unavyotiwa ili kupunguza tindikali.

Kisha nikaupindua mmea kiganjani. Udongo ulikuwa mzito, umeshikana, na unanuka kidogo kama kinamasi. Lakini nilipousugua pembeni kwa kidole gumba nilifika kwenye shina, na lilikuwa gumu. Nililikwaruza kidogo kwa ukucha, ndani likawa la kijani kibichi. Kwenye ncha zake kulikuwa na vichipukizi viwili vilivyojikunja, vidogo kuliko punje ya mtama, vimevaa magamba ya kahawia. Mmea haukuwa umekufa. Ulikuwa umelala, kama unavyolala kila mwaka.

Maamuzi na sababu zake

*Udongo.* Tuliosha mizizi kwa maji ya mvua mpaka ikawa mitupu. Mchanganyiko mpya ulikuwa sehemu mbili za kokoto za graniti za milimita 4 hadi 6, sehemu moja ya mboji ya majani yaliyooza, na sehemu moja ya udongo wa mifuko unaouzwa kwa mimea inayochukia chokaa. Mama K. alitazama lile rundo la kokoto akauliza mmea utakula nini. Swali zuri. Mmea wa mlimani unakula kidogo sana, na mbolea ya nguvu huutoa majani laini yanayoungua upesi. Tuliamua kutotia mbolea kabisa.

*Chungu.* Tulichagua cha udongo wa kuchomwa, chembamba na kirefu, sentimita 30 kwenda chini. Urefu ulikuwa muhimu kuliko upana, kwa sababu mizizi inataka kushuka kutafuta ubaridi. Pembeni ya shina tulichomeka vipande vya sleti vikiwa vimesimama kama vitabu kwenye rafu, ili maji yateremke haraka na shingo ya mmea isikae kwenye unyevu.

*Mahali.* Nje, chini ya ukuta unaotazama kaskazini-mashariki, penye jua la asubuhi hadi kama saa nne, kisha mwanga wa anga bila jua kali. Hapa tulibishana. Yeye alitaka urudi ndani kwa sababu majira ya baridi yalikuwa yanakuja: “Hata mimi nilipofika nchi hii nilitetemeka, sembuse mmea?” Nilimweleza kwamba baridi ndiyo usingizi wake. Ukiulaza kwenye joto utachipua Januari wakati mwanga ni hafifu, na nguvu zote zitaishia kwenye majani dhaifu. Adui wa majira yale bondeni ni mvua, kwa sababu hakuna theluji ya kuufunika. Kwa hiyo tuliweka kipande cha kioo juu ya matofali manne, pande zote wazi, hewa ipite lakini mvua isidondoke shingoni. Majani makavu hatukuyakata, kwani huko milimani ndiyo yanayokinga shina mpaka masika.

*Maji.* Mvua tu, kutoka kwenye pipa la lita 200 linalopokea maji ya paa. Mvua ina tindikali kidogo kiasili, na haina chokaa.

Matokeo

Wiki ya pili ya Aprili 2022 alinitumia picha: vichwa viwili vimejikunja kama konokono, vinatoka kati ya sleti. Hadi mwezi wa sita kulikuwa na majani saba, yote ya kijani cha kotimiri, hakuna hata moja la njano.

Kisha kiangazi kile kikaja. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilipima nyuzi 40.3 huko Coningsby, mara ya kwanza nchi hiyo kuvuka 40. Mvua ilikatika na pipa likakauka. Mama K. aliendelea na maji ya bomba, kwa sababu hakuwa na mengine, na mimi sikuwa nimemwambia afanye nini. Baada ya wiki tatu hivi majani mawili mapya yalitoka na ile njano ya kati ya mishipa. Aliitambua mwenyewe kabla yangu.

Tulianza kuchemsha maji ya bomba. Ugumu wa maji ya chaki kwa sehemu kubwa ni ule unaoondoka kwa kuchemsha: chokaa iliyoyeyuka inajitenga na kutuama, ndiyo inayoshika kwenye birika. Alichemsha usiku, akayaacha yapoe na kutulia hadi asubuhi, akamimina ya juu taratibu na kuacha kikombe kizima cha chini. Majani yaliyokuwa yameshapauka hayakurudi kuwa kijani, lakini lililofuata mwezi wa tisa lilitoka safi.

Mwaka 2023 mmea ulitoa majani kumi na moja ya nje na, kwa mara ya kwanza, manne ya kuzaa. Tukajaribu spora. Jani la kwanza tulilikata mwishoni mwa Julai kingo zikiwa bado za kijani. Tuliliweka kwenye karatasi iliyokunjwa, na baada ya siku tatu hatukupata chochote. La pili tulisubiri hadi mwishoni mwa Agosti, kingo zilipoanza kufunguka na kugeuka kahawia. Safari hii karatasi ilikuwa na vumbi laini kiasi kwamba Mama K. aliambiwa asipumue karibu nalo.

Tulipanda kwenye mitungi miwili ya kioo, juu ya udongo usio na chokaa uliomwagiwa maji ya moto ili kuua kuvu na mbegu za pori, kisha tukaifunika na kuiweka dirishani pasipo jua la moja kwa moja. Mtungi wangu niliufungua mara nyingi mno kwa hamu ya kuona, na ukavu ukaingia pamoja na kuvu. Ulikufa wote. Wa Mama K. haukuguswa. Novemba uso wa udongo wake ulikuwa umefunikwa na vijani bapa vyenye umbo la moyo, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hicho ndicho kizazi cha kati cha kangaga. Mbegu ya kiume inaogelea kwenye tabaka jembamba la maji kuifikia ya kike, kwa hiyo bila unyevu juu ya vijani hivyo hakuna mche. Tulivinyunyizia maji ya mvua yaliyochemshwa na kupozwa. Masika ya 2024 kulikuwa na miche minane yenye majani ya kweli.

Uchambuzi

Kosa la kwanza halikuwa kwenye kumwagilia wala kwenye mbolea. Lilikuwa kwenye neno. “Kangaga” kwetu ni jina la mmea wa mtoni na kivulini, na neno hilo lilikuja na maelekezo yake: giza, maji, mboji. Kabla ya kuuliza mmea unataka maji kiasi gani, ilipaswa kuulizwa unaota juu ya jiwe gani. Jibu la swali hilo lingemwelekeza kwenye kila kitu kingine: jinsi mchanganyiko unavyopitisha maji, urefu wa chungu, hata kile kioo cha majira ya baridi.

Kosa la pili ni usomaji wa njano. Majani ya zamani yakipauka yote kwa pamoja, huenda mmea una njaa. Majani machanga yakipauka huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi madini ya chuma yamo udongoni lakini yamefungwa na chokaa, na mmea hauwezi kuyachukua. Kuongeza mbolea hapo ni kumpa chakula mtu aliyefungwa mdomo. Mbaya zaidi, mbolea huongeza chumvi kwenye mizizi iliyokwisha kudhoofika.

La tatu lilikaribia kuwa la mwisho kabisa: kuchukulia usingizi kuwa kifo. Mche wa tatu ulikuwa unaelekea kwenye ndoo ya takataka. Ushauri wangu kwa mmea wowote wa nchi za baridi ni kukwaruza shina kabla ya kuutupa. Inachukua nusu dakika.

Upande wetu, kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kipimo cha siki. Kilimfanya Mama K. aone tatizo kwa macho yake, na kuanzia siku ile aliacha kufuata maneno yangu tu, akawa anapima mwenyewe. Aliwahi kurudisha dukani mfuko mzima wa kokoto ulioandikwa “za bustani ya mawe” baada ya kuutonea siki.

Kilichoshindwa upande wangu ni viwili. Kwanza, mpango wa maji ulikuwa nusu. Nilisema “mvua tu” bila kuhesabu siku zisizo na mvua, tena pipa lile lilikuwa linanywesha pia nyanya na mchicha. Kangaga moja halihitaji zaidi ya lita moja kwa siku mbili hata kwenye joto. Sasa kuna madumu manne ya lita 20 nyuma ya mlango wa jikoni, yanajazwa kila masika na kufunikwa, na kila moja limeandikwa kwa herufi kubwa: KANGAGA TU.

Pili, na hili linanisumbua zaidi, nilibadilisha mambo manne siku moja: udongo, chungu, mahali na maji. Kwa mgonjwa aliye mahututi nadhani ni sawa, lakini kama somo imetuacha na fundo. Je, ni kipi kilichouokoa? Hukumu yangu ni maji, kwa sababu 2022 njano ilirudi maji yalipobadilika huku udongo, chungu na ukuta vikiwa vilevile. Lakini wiki zile zilikuwa pia za joto kali kuliko yote, na joto peke yake huudhoofisha mmea huu.

Neno moja kwa wasomaji wa Lushoto, Limuru au Kisoro watakaotamani kuuagiza: msijisumbue. Baridi ya huko haina msimu mrefu wa kuulaza. Mnaye jirani mzuri zaidi, Cystopteris fragilis, kangaga dogo laini linaloota sehemu nyingi za dunia, hata kwenye milima yetu mirefu kama Kilimanjaro na Mlima Kenya. Hilo halina ugomvi na chokaa.

Lile fundo tumeamua kulifungua kwa miche minane. Yote imo kwenye vyungu vya aina moja, mchanganyiko mmoja, chini ya ukuta uleule. Minne inapata maji ya madumu, minne maji ya bomba yaliyochemshwa na kutuama. Ipi iende wapi hatukuchagua sisi. Mama K. alitia kwenye bakuli maharage manne mekundu na manne meupe, akafumba macho, akaanza kuchomoa.